Shajara ya mradi: kula na watu, Mbeya, baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo

Lengo

Chakula kinachonifaa baada ya upasuaji kipatikane katika masoko ya Mbeya, kipikwe kwenye jiko letu la mkaa, na niweze kukila nikiwa nimekaa na watu. Kila nitakachoandika humu nitakipima kwa hilo.

Karatasi ya chakula niliyopewa Dar es Salaam ni nzuri, nimeibandika ukutani jikoni. Shida ni kwamba imetaja mtindi wa Kigiriki, jibini laini, nyama ya bata mzinga na unga wa protini wa kopo. Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa. Nina mume, watoto, mama mkwe Tukuyu, wenzangu wa kikoba, na wateja wanaokuja kuchukua nguo wakiwa wamenibebea ndizi au mahindi ya kuchoma. Karatasi ile haiwafahamu watu hawa, na ndio ninaokula nao.

Nieleze upasuaji wenyewe, niliofanyiwa kwa ajili ya sukari na presha, kwa ufupi, maana kila mtu ananiuliza kama niliwekewa puto. Hapana. Puto hukaa tumboni kwa miezi kadhaa kisha hutolewa. Mimi nimekatwa: robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula imeondolewa kupitia matundu madogo, likabaki bomba jembamba. Utumbo haukuguswa. Sehemu iliyoondoka ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa, ndiyo maana miezi hii ya mwanzo njaa imetulia. Baadaye hurudi kwa kiasi. Muda huu wa utulivu ndio wa kujenga mazoea.

Machi, njiani

Daktari hakuniruhusu kuondoka Dar es Salaam mpaka aone vidonda vimefunga na ninaweza kunywa maji ya kutosha. Tukapanga safari. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, basi linakula kutwa nzima, na mtu aliyetoka kupasuliwa yuko katika hatari ya damu kuganda miguuni. Kukaa kitini saa nyingi kunaongeza hatari hiyo. Tukaigawa safari, tukalala Iringa kwa dada yangu, Kihesa. Soksi ndefu za kubana tangu alfajiri, kushuka kila basi linaposimama, kuzungusha vifundo vya miguu tukipanda Kitonga, na chupa ya maji ya kupiga funda dogo dogo.

Shemeji alikuwa amechinja jogoo. Nilikuwa bado kwenye hatua ya vimiminika, kwa hiyo nilikunywa mchuzi uliochujwa, kikombe kimoja kwa muda mrefu. Dada alisema kabla mtu hajauliza: "Mgeni wetu leo ni wa supu. Jogoo ni wenu." Watu wakacheka, wakala, nami nikakaa nao mpaka mwisho. Nimeandika sentensi ile ya dada kwa sababu ilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote. Mwenye nyumba akisema mwanzoni, mgeni halazimiki kujitetea.

Aprili: soko

Sasa niko kwenye chakula laini. Ukurasa huu utakuwa mrefu kwa sababu mradi wenyewe uko hapa.

Kipimo nilichopewa ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Bila hiyo mwili unakula misuli badala ya mafuta, na vidonda vinachelewa kupona. Tumbo langu linabeba vijiko vichache kwa mara moja, kwa hiyo kila kijiko lazima kiwe na sababu ya kuingia. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maziwa mililita 250 yana gramu 8. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa ni gramu 7 au 8. Samaki aliyepikwa, gramu 100, anatoa 20 au zaidi kidogo. Ugali unajaza nafasi ile ndogo na kuacha protini haba. Nasema hivi nikiwa mtoto wa ugali.

Nilianza na mtindi wa Kigiriki, kwa kuwa ndio ulioandikwa mara nyingi zaidi kwenye karatasi. Muuza maziwa wetu huleta mtindi wa Tukuyu usio na sukari. Nilichemsha kipande cha pamba nyeupe, nikakipinda kingo ili nyuzi zisitoke, nikamimina mtindi ndani, nikaufunga na kuuning'iniza juu ya bakuli usiku kucha. Asubuhi maji yamechuruzika na kilichobaki ni mzito, unasimama kwenye kijiko. Ni kitu kilekile cha kopo, na protini imejikusanya vilevile. Maji yale hatuyamwagi, yanaingia kwenye uji wa watoto.

Unga wa protini wa kopo nafasi yake imechukuliwa na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Natoa vichwa, nakaanga kwenye kikaango kikavu bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole, natwanga, nachekecha. Vijiko viwili vya unga huo ndani ya supu ya maharage vinageuza supu kuwa mlo. Harufu ni kali, lazima niseme, na wiki za mwanzo pua zilikuwa nyepesi kuliko kawaida. Tangawizi na ndimu vilisaidia.

Maharage: loweka usiku, mwaga maji yake, chemsha na karoti na kitunguu mpaka yavurugike, saga, kisha pitisha kwenye chujio kuondoa maganda. Yakiwa bado yanatokota piga yai ndani huku unakoroga. Hiki ndicho chakula changu cha mchana dukani, kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana.

Bata mzinga nimemuacha kwa waliomwandika. Kuku wa kienyeji bado ni mgumu kwangu, nyuzi zake hazitafuniki zikaisha. Ninachoweza ni samaki mbasa wa Kyela aliyechemshwa na kuchambuliwa miiba kwa mkono, nyama ya kusaga iliyopikwa kwa mchuzi mwingi, na maini. Maini ni laini, yana madini ya chuma na vitamini B12, na mwenye bucha anajua sasa kunikatia kipande kidogo bila kushangaa. Parachichi lipo kila kona na nalipenda, ila mafuta yake ni mengi, nachukua kipande chembamba mwisho wa mlo.

Aprili, mwishoni: nusu saa

Kanuni iliyoleta mjadala nyumbani ni ya kutokunywa wakati wa kula. Ninywe kabla, kisha nikimaliza kula nisubiri nusu saa. Kwetu kifungua kinywa ni chai na kitafunwa, na chai ndiyo inayokishusha kitafunwa. Tumbo hili likipata vyote kwa pamoja linajaa kabla ya chakula, au linasukuma chakula chini kabla hakijakaa.

Mume wangu alipendekeza tuanze na chakula watu wote, chai ije baadaye, nyumba nzima. Sikumwomba. Watoto walilalamika siku za mwanzo, sasa mdogo ndiye anayetazama saa ya ukutani na kutangaza, "Mama, chai imeruhusiwa!"

Jambo la pili kuhusu chai: inazuia chuma kufyonzwa. Tunaishi katikati ya mashamba ya chai, Rungwe upande mmoja na Mufindi upande mwingine, chai ni ya asubuhi mpaka usiku. Basi kidonge cha chuma kimehamia saa ya kulala pamoja na vipande vya chungwa, mbali na kikombe cha mwisho. Kalisi ni mchana, kwa sababu chuma na kalisi haviendi pamoja, vinahitaji saa mbili katikati. Multivitamini asubuhi. Hivi ni vya maisha. Watu wananiuliza nitamaliza dozi lini, nawajibu hakuna kumaliza.

Mei: ugali

Nimeruhusiwa kujaribu chakula cha kawaida kidogo kidogo. Tonge la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, likatafunwa mpaka likawa uji, likapita. Tonge la pili likakaa. Maumivu katikati ya kifua, mate mengi, pua ikaanza kuchuruzika. Mwili wangu umechagua alama hizi na sasa nazitambua: pua ikianza, kijiko kinawekwa chini papo hapo. Nilisimama, nikatembea uani polepole, ikapita.

Ugali, mkate laini na wali uliokauka vinagandamana ndani. Wali wa Kyela uliopikwa laini kwa maji mengi unapita vizuri zaidi, ila nao ni wa mwisho sahanini. Utaratibu ni protini, halafu mboga, halafu wanga kama nafasi imebaki. Mara nyingi haibaki.

Nimeandika kwa kalamu nyekundu karibu na karatasi ya ukutani, ili mume wangu na dada wa kazi waone: kutapika kusikokoma kwa siku mbili si jambo la kuvumilia nyumbani. Mtu aliyepunguzwa tumbo akitapika mfululizo vitamini B1 inamwishia haraka, na upungufu wake unaharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Ni hospitali, na kusema wazi mlangoni kwamba nimefanyiwa upasuaji huu. Homa, moyo kwenda mbio na maumivu makali ya tumbo navyo ni hospitali usiku uleule.

Juni na Julai: baridi

Mji wetu uko kwenye mita 1,700 hivi na asubuhi za Juni zinauma. Mwaka huu zinauma zaidi, kwa sababu mafuta yaliyokuwa yananifunika yanaondoka na chakula kinachozalisha joto ni kidogo. Nimejishonea fulana za ndani za flaneli. Maji baridi hayapiti kabisa, nami nadaiwa lita moja na nusu kwa siku. Dawa ni chupa ya chai yenye maji moto na tangawizi karibu na cherehani, funda moja kila ninapokata uzi.

Kizunguzungu nikisimama ghafla. Nilikwenda kupima, presha imeshuka, daktari akapunguza dawa ya presha. Ya sukari ilikuwa imepunguzwa tangu nilipotoka wodini: ile inayolazimisha kongosho kutoa insulini ilisimamishwa kwa sababu ingeweza kunishusha sukari mpaka nianguke, nikabaki na metformini. Naandika hili kwa ajili ya mtu mwenye kisukari anayefikiria upasuaji: vidonge vya zamani usiendelee navyo kwa mazoea. Pima, rudi kwa daktari, uambiwe upya.

Nywele zimeanza kutoka kwa mafungu. Niliambiwa mapema kwamba kati ya mwezi wa tatu na wa sita hutokea, mizizi hupumzika kwa mshtuko wa upasuaji na kukonda kwa haraka, kisha huota tena. Msusi wangu ameacha kunivuta, anasuka twende kilioni pana na nyepesi. Nimekata vilemba kutoka kwenye mabaki ya vitenge, na wateja wamevipenda, sasa naviuza.

Agosti: macho ya watu

Karatasi haikusema neno juu ya hili, na hakuna siku nimelisahau.

Nyanda za juu kusini mwili ukipungua unasomwa kwa namna moja. Ina sababu yake. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wenye miaka 15 na zaidi yako asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5. Familia nyingi hapa zimezika mtu aliyeanza kwa kukonda, zama zile dawa hazijafika kila kituo. Mtu akinitazama shingo na mifupa ya mabega huku nampima nguo, najua anachokihesabu.

Mteja wangu wa siku nyingi, mama mtu mzima, alisubiri wenzake watoke dukani. Nilikuwa nimepiga magoti namwekea pindo pini. Akainama, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Fundi, mwanangu, dawa unakunywa lakini? Usione haya. Mimi nina miaka nakunywa, unaniona nilivyo."

Mama yule alikuwa amenikabidhi siri yake ili kuniokoa. Neno la kwanza lililokuwa tayari mdomoni, kwamba mimi sina, ningelisema kwa haraka lingemwangukia yeye. Nikasimama, nikamshika mikono.

"Asante mama yangu kwa kunijali. Kupungua huku ni kwa upasuaji, nimepunguzwa tumbo kwa ajili ya sukari na presha. Lakini ulivyoniambia nimekuheshimu sana."

Akacheka, akauliza kama iliuma. Tukaongea mpaka jua likapungua.

Tangu siku ile nina msimamo, nauandika hapa kama sehemu ya mradi. Kwanza, nasema. Anayeniuliza nimefanya nini nampa jibu wazi: upasuaji wa kupunguza tumbo. Nikinyamaza watu watajaza wenyewe. Pili, sisemi kamwe "si ule ugonjwa". Sentensi hiyo inanisafisha mimi kwa kumchafua jirani yangu anayemeza vidonge vyake kila jioni na kulea watoto. Nasikia watu waliopungua kwa mazoezi au kwa kufunga wakiitumia, na kila mara inaniumiza. Waiache.

Kwenye kikoba nililisema mbele ya wote, na maswali yakaja. Dada mmoja mwenye mwili wa wastani alitaka kujua kama naye aende. Nikamweleza vigezo. Tangu 1991 madaktari walitumia uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha: 35 hata bila ugonjwa, na 30 hufikiriwa kwa mwenye kisukari na magonjwa ya jamii hiyo. Yeye yuko chini ya yote. Nilimwambia asikate kiungo kisicho na ugonjwa kwa sababu ya gauni la sendoff, gauni nitampanulia.

Septemba: msiba Tukuyu

Baba mdogo wa mume wangu amefariki. Msiba wa Kinyakyusa ni watu wengi, masufuria makubwa, ndizi, wali, nyama, na kukataa chakula cha msiba ni kukataa wenye msiba. Nilikuwa na wasiwasi njia nzima ya kupandisha Uyole.

Mama mkwe alinipokea, akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Mwanangu, tumbo linabeba nini siku hizi?" Nikamwambia, "Mama, nyama laini na mchuzi, kiasi cha kisahani cha chai." Hakusema zaidi. Akaenda jikoni kwa wamama, nikamsikia akiwaambia kwa Kinyakyusa na kumalizia kwa Kiswahili ili na wageni wasikie: "Mke wa mwanangu amekatwa tumbo. Mpimieni kwenye kisahani, asilazimishwe." Hakuna aliyenilazimisha.

Mimi nikaingia kwenye kupakua. Hili nalipendekeza kwa kila mwanamke aliye kwenye hali yangu: anayepakua anahesabiwa kuwa amehudumu, anakula mwisho, anakula akiwa amesimama au pembeni, na hakuna anayehesabu sahani yake. Nilikula nyama yangu kwa kijiko cha chai nyuma ya sufuria, taratibu, huku nimefanya kazi ya ukoo tangu asubuhi. Mama mkwe aliponiaga alinishika bega, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Nami nikamshukuru zaidi.

Oktoba, mchanganyiko

Kanisani kulikuwa na maombi ya kufunga. Nilikwenda kwa mchungaji mapema, nikamweleza kwamba siwezi kukaa kutwa bila maji wala protini. Akanipa zamu ya kuongoza maombi ya mchana badala yake.

Soda nimeziacha, gesi inavimba kwenye bomba jembamba na kuuma. Kwenye kikoba wananiwekea maji ya moto bila kuuliza.

Mgongo wa cherehani ulinibana. Muuzaji wa duka la dawa alifungua droo ya diklofenaki kabla sijamaliza sentensi. Dawa za jamii hiyo, na ibuprofeni na aspirini, zinaweza kuchubua tumbo lililoshonwa mpaka likatoa damu. Nilichukua paracetamoli. Jioni nikaandika kadi ngumu ya kukaa kwenye pochi: upasuaji niliofanyiwa, dawa nisizopewa bila daktari kujua, namba ya mume wangu. Nakala nyingine iko kwenye pochi yake.

Uzazi wa mpango: daktari alisema mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mwanamke akipungua uzito, yai hupevuka kirahisi kuliko zamani. Muuguzi wa kituo cha afya aliniwekea kijiti mkononi. Limekwisha.

Novemba: nguo na ngozi

Hapa nina ufundi, kwa hiyo niseme kama fundi. Mtu anayepungua asipunguze nguo kwa kukata. Ningekata mshono wa pembeni kila mwezi, mifuko ingekutana mgongoni na kola ingebaki pana. Nguo za miezi hii nimezishona kwa lastiki kiunoni, mikanda ya kufunga kwa nyuma, na akiba ya kitambaa ndani ya mishono yote. Magauni mapana ya zamani nimeyafumua kabisa na kukata upya, mawili yametoa sare za shule za watoto. Kwa matumizi ya kila siku nachagua mitumba pale soko la Sido, ninavaa muda mfupi, nazirudisha kwa wauzaji au nampa mdogo wangu.

Mizani naipanda mara chache. Futi ya kushonea ndiyo inayonisimulia, kifua, kiuno, nyonga, paja, mkono. Kuna wiki mizani imesimama kabisa lakini kiuno kimeshuka.

Ngozi ya tumbo na mikono ya juu imelegea, na chini ya mkunjo wa tumbo jasho lilileta vipele. Nakausha vizuri baada ya kuoga, kisha navaa bendi pana ya pamba niliyoishona isiyo na mshono mahali pa mkunjo. Nailoni haifai hapo. Wateja wawili waliojifungua karibuni wamenunua bendi hiyo kwa sababu zao.

Ngozi haitarudi yote. Ninaiangalia kwenye kioo cha kupimia wateja kila asubuhi na ninaona mwili uliobeba watoto, uliobeba uzito mkubwa, na unaopanda ngazi za soko bila kusimama.

Desemba

Krismasi Iringa. Mvua zimeanza na ulanzi, pombe ya mianzi, umetoka. Pombe sasa inaingia kwenye damu yangu upesi kuliko mwanzo na inakaa muda mrefu, basi nimekataa. Shemeji alielewa kwa neno moja. Kuku wa kienyeji, aliyechemshwa mpaka nyama ikaachana na mfupa, amepita salama kwa mara ya kwanza.

Januari: hali ya mradi

Kuna dada wa Vwawa anayetarajia kufanyiwa upasuaji huu mwezi ujao, aliletwa kwangu na mteja. Nilimwomba aje na mume wake, na kama mume hawezi, aje na anayepika nyumbani kwake. Walikuja wote wawili. Tulipika supu ya maharage na unga wa usipa pamoja, mume ndiye aliyetwanga, na mume ndiye aliyeuliza maswali mengi zaidi, hasa lile la kutapika siku mbili. Nimewapa nakala ya kurasa za Aprili na Mei. Wametaka pia ya Agosti, kwa sababu huko kwao dada ameshaanza kuulizwa.

Njaa imeanza kuamka jioni, saa za kufunga duka, watoto wakiwa wananunua mihogo ya kukaanga mlangoni. Nimeanza kuja na yai la kuchemsha na karanga chache, ninakula kabla mihogo haijafika.

Yaliyobaki: damu kupimwa B12, chuma, kalisi na vitamini D mwezi Machi, hapa Mbeya, na majibu kumtumia daktari wangu Dar es Salaam kwa simu. Jino la nyuma kung'olewa, nitatangulia na kadi. Kumtafuta muuzaji wa usipa wa uhakika kipindi ambacho mvua kubwa huwafanya wauzaji wengi walete wenye mchanga. Na kujaribu kande laini, mahindi yaliyokobolewa na maharage, kwa sufuria ya shinikizo niliyoazimwa na jirani. Matokeo ya kande nitayaandika Jumapili.